Bibi Yako Hakukuangusha

Mwanangu Mwajuma,

Salamu tulishapeana asubuhi ulipokuwa unakoroga uji. Habari za nyumbani nazo huna haja ya kuziulizia, maana uko chumba cha pili unafunga mizigo, nakusikia ukimgombeza mumeo kwa ajili ya kamba. Kwa hiyo yale ambayo watu huanzia barua nayaruka. Wala sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kukaa vizuri na majirani huko Tabora. Wewe si mjinga, na aliyekulea si mjinga, ingawa juu ya hilo la pili utaamua mwenyewe ukimaliza kusoma.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na ukuta ulio kati yetu ni wa udongo tu. Ni kwa sababu najijua. Nikifungua mdomo, utani unatangulia na mimi nabaki nyuma. Ningekuita, ningeanza vizuri, kisha ningeona uso wako unabadilika nikatia mzaha, ukacheka, nami ningesema alhamdulillahi, yamekwisha, nikaenda zangu. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko unavyojua. Kalamu ni afadhali. Herufi hizi nilizipata kwa mwalimu wa shule ya serikali kule Dar es Salaam, miezi mitano tu, tena kwa kutoroka kazini, na bado zinayumba kama unavyoziona. Lakini hizo hizo ndizo nilizokufundisha kwa mkaa ukutani, na leo hakuna binti wa Kiluguru hapa Morogoro anayesoma kama wewe. Hilo niachie nijisifu. Ni moja katika machache ambayo sikuyaharibu.

Haya. Mambo mawili ndiyo yaliyonikalisha hapa.

La kwanza ni la juzi uani. Bibi yako, aliyeshuka mlimani kwa miguu yake siku mbili ili akuage, alikusogelea ulipokuwa umemshika Shabani. Alinyoosha mikono tu, akageuza mgongo kidogo, kama mwanamke anavyofanya akitaka kuwekewa mtoto mgongoni. Nawe ukamwambia huku ukicheka, "Hapana Bibi, huyu mwache akue na miguu yote miwili." Uani kote wakacheka. Mimi nilicheka wa kwanza. Bibi naye akacheka, akairudisha mikono yake ndani ya kaniki.

La pili ni la jana. Nilikuwa natafuta kisu kwenye kapu lako, nikaona chini ya nguo za mtoto kitu cha ngozi chenye kamani ya chuma. Nilikijua kabla sijakigusa. Ukaniambia mke wa bwana stesheni, uliyekuwa unamfulia, amekupa kwa sababu wa kwake ameshakua.

"Baba, si ndiyo ile bembea uliyokuwa ukitusimulia? Ile ya Dar es Salaam, ya kumrusha mtoto mlangoni?"

Nikasema ndiyo.

"Mbona leo huna hadithi?"

Nikakuuliza kisu kiko wapi.

Basi hadithi ni hii, na nusu yake kubwa sijawahi kumsimulia mtu. Bibi yako hakukuangusha, Mwajuma. Mguu wako niliuvunja mimi.

Rudia kusoma ukitaka. Hapo ndipo penyewe, yanayofuata ni namna ilivyokuwa.

Kabla hujazaliwa nilikuwa dobi wa bwana mpima ardhi, Mdachi mwenye masharubu kama pembe za mbogo. Mashati yake niliyafua mpaka wenzake wakawa wanamwuliza anafuliwa na nani, na hapo siongezi hata kidogo. Mkewe alikuwa na mtoto mdogo. Siku moja naleta nguo, nikamkuta mtoto yule ananing'inia mlangoni. Kiti cha kitambaa kinene, kina matundu mawili ya miguu, kina mikanda, na juu ya mikanda kuna kamani, chuma kilichozungushwa ambacho ukikivuta kinarefuka na ukikiachia kinarudi. Mtoto anakanyaga chini, anapaa, anacheka, anashuka, anapaa tena. Nilisimama pale na nguo kichwani nikasahau kuziweka chini. Nikasema moyoni, kitu hiki nikikifikisha Uluguru, nitakuwa mtu.

Angalia nilivyosema. Sikusema mwanangu atafurahi. Nilisema mimi nitakuwa mtu.

Ulikuwa na miezi mitatu na siku chache nilipopanda mlima kurudi kwa mama yako, kule juu ya Mkuyuni. Unajua kwetu mambo yalivyo: shamba ni la ukoo wa mama, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mume ni mgeni anayelishwa vizuri. Nami nilikuwa nimechoka kuwa mgeni. Nilitaka nitazamwe. Kamani ya chuma sikuwa nayo, ila siku zile watu walikuwa wakigema mpira wa porini na kuuviringisha madonge wapeleke pwani. Nikaomba donge moja, nikalikata vipande virefu vyembamba, nikasokota kamba nne. "Mdachi ana chuma," nikawatangazia watu, "Mluguru ana mpira." Kiti nikakishona kwa gunia. Nikaifunga bembea yangu kwenye boriti ya barazani kwa bibi yako, nikakutia ndani.

Bibi alitoka na ungo mkononi, akatazama.

"Baba Mwajuma, huyu ni mahindi ya mbegu?"

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu kinachotundikwa nyumbani kwangu ni mahindi ya mbegu, juu ya moshi. Mtoto hubebwa."

"Mama, dunia imekwenda mbele. Huko pwani watoto wa wakubwa wote..."

"Na shingo yake imekwenda mbele? Hebu itazame."

Nikaitazama. Ilikuwa imelala upande. Nikakuzungushia kitambaa, nikaisimamisha, nikaendelea na watu wangu.

Maana watu walikuja. Siku tatu walikuja, kutoka mabonde yote ya karibu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikieleza Dar es Salaam kana kwamba nimeijenga. Ulining'inia tangu jua linapanda mpaka likawa utosini. Miguu yako haikufika chini sawasawa, ni ncha za vidole tu zilizogusa. Ukilia, nakuvuta chini nakuachia, unanyamaza kwa mshtuko, watu wanacheka, mimi nasema mnaona, amependa. Mama yako siku hizo alikuwa kwenye mpunga. Akirudi jioni anakukuta umelegea, hunyonyi vizuri, ananiuliza mtoto ana nini. Nikamwambia ni hewa ya mlimani. Wewe uliyezaliwa mlimani.

Siku ya nne jua lilikuwa kali. Bibi alikuwa ametwanga tangu alfajiri, wewe ukiwa mgongoni mwake, mwisho akaketi barazani akaegemea ukuta kwa bega ili asikubane, akasinzia. Nikasikia sauti za watu njiani, chini kwenye migomba. Nikajua wanakuja kwangu. Nikataka wakitokea tu wakukute unaruka. Nikafungua mbeleko ya bibi yako polepole asiamke, nikakutoa, nikakutia katika bembea. Sikuzitazama kamba. Siku tatu zilikuwa zimepigwa na jua, na mpira ule mbichi ukipigwa na jua unalainika, unakuwa kama ulimbo. Nikakuvuta chini kuliko siku zote, ili upae kuliko siku zote, nikakuachia.

Kamba ya upande mmoja ikakatika ukiwa juu. Ukapinduka, ukapiga paja kwenye kinu, ukaanguka chini.

Nitakuambia nilichofanya kwanza, maana hiki ndicho kilichonikaa miaka yote kumi na minane. Sikukuokota kwanza. Niliing'oa bembea kwenye boriti, nikaisokomeza ndani ya makuti ya paa. Ndipo nikakuinamia. Na kwa wakati huo kelele zako zilikuwa zimeshamwamsha bibi yako, akapeleka mkono mgongoni, hakukuta mtu, akaiona mbeleko imelegea mapajani mwake, akakuona wewe chini. Akasema, "Nimemwangusha." Hakuuliza. Alisema tu. "Nimemwangusha mtoto wa mwanangu."

Nami nikanyamaza.

Wale watu wa njiani hawakufika hata kwetu. Walikunja kwenda mtoni.

Jioni wajomba zako wakakaa. Salumu, mkubwa wao, akaniuliza, "Wewe ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa mtoni. Neno moja hilo tu. Kama ningesema kweli, wangenipa mkeka wangu na kunionyesha njia, na haki yao. Wewe ungebaki, mama yako angebaki, mgeni angekwenda. Nililiogopa hilo kuliko nilivyouogopa mguu wako. Na bembea? Nikasema watu wamenichosha, nimeivunja mwenyewe. Wakanipongeza kwa busara.

Mzee wa kuunga mifupa alikufunga magome ya mti paja zima. Mfupa uliungana, lakini uliungana mfupi.

Tangu siku ile nimewachekesha watu kuliko zamani. Ulipoanza kutembea unachechemea, mimi ndiye niliyesema mwanangu anatembea kama mke wa sultani, hana haraka kwa sababu wengine watamngoja. Ulilipenda. Ulilisema kwa wenzako. Na mimi kila nilipolisikia, nilimwona bibi yako anainuka na kwenda jikoni.

Hukumjua yeye wa zamani, na hilo nimekuibia pia. Kabla ya siku ile, milimani kule kila mwanamke aliyejifungua alimpelekea bibi yako mtoto wa kwanza kubeba, kwa kuwa watoto walilala mgongoni kwake hata wakiwa na homa. Baada ya siku ile hawakumletea. Wala yeye hakuomba. Mama yako alizaa tena mara mbili, watoto hawakukaa, na mara zote mbili bibi aliwatazama kwa mbali, mikono ndani ya kaniki. Mama yako hakuwahi kumtukana. Alikuwa akimtazama mikono tu. Amekufa hivyo. Siku tunamzika nilikuwa na nafasi ya kusema, nikasimulia jinsi alivyokuwa akinicheka kwa kunyoa vibaya, watu wakatabasamu katikati ya machozi, wakasema Mrisho anajua kufariji.

Nimemwona bibi yako amebeba mzigo wa kuni njiani, anasimama, anaushusha, anakaza fundo upya, anaubeba, anakwenda hatua thelathini, anasimama tena. Mzigo wa kuni, Mwajuma.

Kisha ulipokuwa unajifungua Shabani, siku mbili hakutoka, mkunga akaja mlangoni akaniambia nyonga ya binti yako imekaa vibaya, aliumia utotoni? Nikasema ndiyo. Akasema aliangushwa? Nikasema ndiyo. Hata siku hiyo. Ulikuwa unakufa ndani mule kwa kadiri nilivyojua, na mimi bado naing'ang'ania hadithi ile. Nilikaa nje kwenye mchanga, nikamwambia Mungu ukipona nitasema. Ukapona. Nikapika pilau, nikaalika mtaa mzima, nikajisifu kuwa mjukuu ana sauti yangu. Sikusema.

Sasa hilo la kapuni. Sikukatazi kulichukua. Ile ya kwako ni ya chuma na ngozi, imetengenezwa na wenyewe. Lakini nimekaa miaka mingi nikiitazama ile siku ya Dar es Salaam, na kila nikiitazama naona vitu ambavyo macho yangu ya ujana yaliviruka. Yule mtoto wa Kizungu alikuwa ameshajua kukaa peke yake mkekani, shingo imesimama, mgongo umesimama. Nyayo zake zilifika chini nzima. Mama yake alikuwa ameketi mbele yake, karibu hivi, mshono mkononi. Na kabla sijamaliza kupanga mashati kabatini alishamtoa, akamlaza kwa tumbo sakafuni, mtoto anahangaika kutambaa, anakasirika, na yeye anamwacha ahangaike. Yote hayo niliyaona. Nikachukua la kuruka tu, kwa sababu ndilo lililokuwa na watazamaji.

Shabani bado hajakaa. Akikaa, utajua mwenyewe. Na siku utakapomtia humo, mtazame yeye, usiwatazame wanaomtazama. Siwezi kusema zaidi ya hapo, maana mimi si wa kumfundisha mtu habari za watoto.

Leo baada ya sala ya adhuhuri nilikwenda kwa mjomba wako Salumu, nyuma ya soko, bibi yako alikofikia. Nilimkuta uani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunichekesha?"

"Leo sina."

"Basi utakuwa mgonjwa. Kaa."

Nikakaa. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa, isipokuwa kwa sauti yalikuwa mafupi zaidi na yalitoka vibaya. Hakuinua macho. Aliendelea na maharage, mazuri huku, mabovu huku. Nilipomaliza, bado anachambua, akasema:

"Mbeleko uliifungua wewe."

"Mimi, mama."

"Fundo langu lilikuwa limelegea?"

"Halikulegea. Lilikaza. Vidole vilishindwa, nikalifungua kwa meno."

"Kwa meno," akasema.

Akaanza kuyachanganya maharage, mabovu na mazuri, taratibu, kwa viganja vyote viwili. Nadhani hakujua anafanya hivyo.

"Mwanangu amekufa akinitazama mikono," akasema.

Nilitaka kumshika miguu, akaivuta chini ya nguo yake.

"Ungeniambia hata miaka mitano baadaye. Hata kumi. Ningebeba wale wawili kabla hawajaondoka."

Salumu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini, lakini alikuwa amesikia vya kutosha. Hakupandisha sauti. Alisema, "Shemeji, kesho gari likishaondoka utakuja hapa, tutazungumza." Nikasema nitakuja. Nitakwenda. Watakaloamua wajomba zako nitalikubali, na usimwandikie yeyote kunitetea. Kama nitaondoka Morogoro, nitaondoka. Dobi hakosi nguo chafu popote duniani. Unaona, nimetia utani tena. Uache, nimechoka kuufuta.

Msamaha sikuombi kwa barua. Ningeuomba hapa ungesoma ukiwa na huruma ya safari, ungenipa upesi, na mimi ningeupokea upesi, kama ninavyofanya siku zote. Nenda na jambo hili. Likae nawe Tabora kwa muda litakaotaka. Ukiona siku moja unataka kuniandikia, hata ukiandika matusi, andika, nitayasoma yote. Na mguu ukikuuma wakati wa mvua, usimtaje tena bibi yako. Nitaje mimi.

Kesho stesheni nitakuwepo. Nitasimama kule mwisho, karibu na tangi la maji, nisiwe njiani kwako. Ukitaka kunipa mkono, utanikuta. Ukipanda bila kugeuka, nitajua umesoma.

Bibi yako aliniambia neno moja nikiwa nimeshainuka: nisikuambie umpelekee mtoto. "Asiniletee mjukuu kwa huruma," alisema, "kama wanavyopeleka chakula kwa mgonjwa." Nimemdanganya miaka kumi na minane, sitaki kumvunjia amri siku ile ile niliyomwambia kweli. Kwa hiyo sikuambii. Nakuambia tu kwamba gari la moshi haliondoki kabla ya adhuhuri, kwamba kutoka hapa mpaka nyuma ya soko hata kwa mwendo wako si mbali, na kwamba yeye huamka kabla ya adhana.

Na hili. Nilipofika kwenye lango la ua, alinisemesha akiwa amenipa mgongo.

"Huyo Shabani, ana uzito gani sasa?"

Nikasema sijui. Na ni kweli sijui, nimemshika mara mbili tu tangu azaliwe, nikiiogopa mikono yangu.

Akasema, "Hata mimi."

Baba yako,
Mrisho